Kukabidhi si Kuacha: Historia ya Sindano ya Insulini, na Kosa Langu Mimi Mtoto wa Musumba



Mnajua mimi ni mtoto wa Musumba, na kwetu mtu akisema analeta historia, watu wanangojea wafalme. Leo sileti wafalme, au nitaleta mmoja tu, mwishoni. Naleta historia ya sindano ndogo, ile ya insulini, na ya wazazi walioishika kwa miaka mia na zaidi. Naileta kwa sababu kuna deni. Nianze na deni lenyewe.

Vakansi ya 2021 nilirudi nyumbani kutoka Lubumbashi, kichwa kimejaa masomo. Mudogo yangu alikuwa na miaka 15. Tangu akiwa na miaka 12 ana ugonjwa wa sukari wa aina ya kwanza. Asubuhi na jioni mama alikuwa anavuta dawa katika sindano, baba anaandika namba katika kaye. Na kila siku kelele: “Mama, minachoka! Miye niko mutoto mudogo?” Siku ya tatu nilimwita baba chini ya mwembe. Nikamwambia: “Baba, mumuache. Ni mukubwa sasa. Mukimushika hivi hatajifunza hata siku moja.” Baba ni mwalimu wa shule ya msingi, anaheshimu masomo kuliko kitu chochote. Aliniangalia kidogo, akasema: “Wewe njo ulisoma.”

Wiki ile ile wakaacha. Kaye, sindano, kila kitu, mikononi mwa mtoto.

Mwezi wa 11 nilipokea simu. Mtoto anatapika, hawezi kusimama, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyooza. Walimbeba usiku kwa pikipiki, mama nyuma akimshika asianguke. Siku tatu hakujua yuko wapi. Baba alipofungua kaye alikuta namba nzuri sana: 110, 115, 120. Kila siku nzuri. Lakini kisanduku cha vipande vya kupimia damu kilikuwa karibu kimejaa. Namba zote zilikuwa za kutunga.

Mudogo yangu alipona. Ameniruhusu niandike haya, kwa sharti nisitaje jina lake na niseme wazi kwamba kosa halikuwa lake peke yake. Nasema wazi. Na kwa sababu mimi kazi yangu ni historia, nilianza kutafuta: nani alifundisha ulimwengu kwamba kijana wa miaka 15 akiachwa peke yake na sindano ndiyo anakuwa mkubwa?

Kwanza, ugonjwa wenyewe

Tusichanganye. Watu wengi kwetu wakisikia “sukari” wanafikiri ya wazee, ile inayoanza pole pole na kutibiwa kwanza kwa chakula na vidonge. Aina ya kwanza ni nyingine. Hapa kinga ya mwili yenyewe inashambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Bila insulini, chakula kinageuka sukari katika damu lakini hakiingii mwilini kufanya kazi. Mtoto anakula bukari sahani nzima na bado anakonda. Anakunywa maji sana, anakojoa sana, hata usiku kitandani. Mwili unaanza kuchoma mafuta yake, damu inajaa asidi, na hiyo hali, ketoasidozi, inaua kwa siku chache. Si kwa sababu alikula peremende, na si kwa sababu ya mchawi. Na kwa vile mtoto anatapika na kulegea, wengi kwetu wanatibiwa malaria mpaka wanakufa, na hakuna anayejua walikufa na nini.

Toronto, 1922

Kabla ya 1922 mtoto wa namna hii alikuwa anakufa, popote alipo, hata mtoto wa tajiri. Kule Marekani munganga maarufu Frederick Allen alikuwa na njia moja tu: kuwanyima chakula. Mtoto aliyepungukiwa chakula aliishi mwaka mmoja au miwili zaidi. Fikirini kazi ya mama hapo: kumnyima mtoto wake chakula kila siku ili asife haraka.

Tarehe 11 mwezi wa kwanza 1922, katika hospitali kuu ya Toronto, nchi ya Kanada, kijana Leonard Thompson alipigwa sindano ya kwanza ya insulini. Alikuwa na miaka 14 na uzito wa karibu kilo 30. Kazi ya Frederick Banting na Charles Best, chini ya profesa John Macleod, ilikuwa bado changa, na ile dawa ya kwanza ilikuwa chafu, haikusaidia. Baba yake ndiye aliyekubali mtoto ajaribiwe. James Collip akaisafisha dawa, wakarudia tarehe 23, na sukari ikashuka. Leonard aliishi miaka 13 zaidi.

Mwaka ule ule kulikuwa na James Havens wa Rochester, kijana wa miaka 22. Baba yake, mkubwa katika kampuni ya Kodak, hakunyamaza mpaka mtoto wake akapata insulini, wa kwanza katika Marekani. Na mwezi wa 8 mama mmoja, Antoinette Hughes, alimleta Toronto binti yake Elizabeth. Baba alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, lakini cheo hakikumpa mtoto hata gramu moja ya mwili: alikuwa na miaka karibu 15 na kilo kama 20. Elizabeth alijifunza kujipiga sindano mwenyewe. Alifika hadi 1981, baada ya sindano zaidi ya 40,000.

Nilipoisoma habari ya Elizabeth mara ya kwanza nilisema: tazama, kijana alijipiga mwenyewe, kumbe nilikuwa sawa! Kisha nikasoma tena. Alikuwa anajipiga akiwa chini ya macho ya Banting, na muuguzi pembeni, kila chakula kinapimwa kwenye mizani, barua zinakwenda kwa mama yake zikieleza kila kitu. Mkono ulikuwa wa mtoto. Lakini hakuwa peke yake hata siku moja.

Maabara ndani ya jiko

Kitu kimoja kilichonishangaza: insulini ilipotoka Toronto, haikukaa hospitalini. Haikuweza. Sindano ni kila siku, na hakuna hospitali ya kulaza mtoto maisha yote. Ugonjwa ukahamia nyumbani, na jiko la mama likawa maabara.

Sindano zilikuwa za kioo. Mama alizichemsha kila siku, na sindano yenyewe ikiwa butu anainoa kwenye jiwe. Kupima damu nyumbani hakukuwepo. Walipima mkojo: unautia katika kichupa pamoja na dawa ya Benedict, unachemsha, unaangalia rangi. Ikibaki buluu, vizuri. Ikienda kijani, kisha manjano, mpaka nyekundu ya matofali, sukari imejaa. Vipimo vidogo vya damu vya nyumbani vilikuja miaka 50 baadaye, vikaenea miaka ya 1980.

Kule Boston munganga Elliott Joslin alielewa mapema kwamba mgonjwa asiyefundishwa hatapona hata ukimpa dawa bora. Tangu 1918 alikuwa ameandika kitabu cha mafundisho kwa waganga na wagonjwa pamoja, na aliwatuma wauguzi waende kukaa katika nyumba za watu kuwafundisha. Kumbukeni hilo neno: kufundisha. Tutalirudia tukifika Kolwezi.

Mwili wa miaka 15

Sasa tunafika pahali nilipokosa. Mimi nilifikiri mtoto akikua, ugonjwa unakuwa rahisi kwake, kwa sababu ana akili zaidi. Mwili unafanya kinyume. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani, kati yao Stephanie Amiel, walionyesha kwamba wakati wa kubalehe insulini inafanya kazi kwa shida zaidi mwilini. Homoni za kukua zinapingana nayo. Kijana anayepiga dozi ile ile na kula chakula kile kile cha mwaka jana ataona sukari inapanda, na hakufanya kosa lolote. Wazazi wanasema amekula kwa siri. Yeye anasema hapana. Hawamwamini. Basi anaanza kuficha.

Mwaka 1993 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa uliochukua miaka 10 Marekani na Kanada, na watu 1,441 wa miaka 13 hadi 39. Walioshika sukari yao kwa nguvu, kwa sindano nyingi na kupima mara nyingi, na ambao macho yao yalikuwa bado mazima, walipunguza hatari ya macho kuharibika kwa 76%. Vijana pia walifaidika. Lakini hata wao, na waganga wote wale kando yao, sukari yao ilibaki juu kuliko ya watu wazima. Kama kijana wa kule, mwenye kila kitu, ilimshinda kuilinganisha na mtu mzima, mudogo yangu wa Musumba angeweza vipi peke yake?

Tena mwaka 1999 Barbara Anderson na wenzake, kule kule Boston, walitoa utafiti juu ya watoto wa miaka 10 hadi 15. Familia zilizofundishwa kugawana kazi ya ugonjwa, mzazi na mtoto pamoja, hazikuacha sindano kumwangukia mtoto. Na kelele za nyumbani zilipungua. Hapo niliweka kitabu chini. Mimi nilikuwa nimemwambia baba kwamba kelele zitaisha akiondoka. Kumbe zinaisha akibaki, ila abaki kwa namna nyingine.

Kolwezi: baba aliyeshika vyote

Sasa turudi kwetu, maana historia ya kukabidhi vibaya hatukuagiza kutoka nje. Tunayo.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ilianza kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao, na Kolwezi ikaanzishwa 1937. Kampuni ilitoa nyumba, poso, shule, hospitali. Watoto wachanga walipimwa uzito, wamama walifundishwa kushona na kupika katika vituo vyake. Wazee wanasema kampuni njo ilikuwa baba, njo ilikuwa mama. Mwaka 1967 serikali iliichukua, ikaja kuitwa Gécamines, na desturi ikaendelea. Mtoto akiugua, hakuna aliyeuliza bei.

Kisha ikaanguka. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwezi wa 9 wa 1990. Kampuni iliyokuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, miaka michache baadaye haikufika 50,000. Mishahara ikakatika. Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa bahasha na kuagwa. Mwanahistoria wetu Donatien Dibwe dia Mwembu, wa chuo kikuu cha Lubumbashi, aliipa hadithi hii jina ambalo ni sura nzima: kitabu chake cha 2001 kinaitwa “Bana Shaba abandonnés par leur père”, yaani wana wa shaba walioachwa na baba yao. Anaonyesha namna mamlaka ya baba nyumbani yalivyosimama juu ya kampuni, na kampuni ilipochechemea, wamama na watoto ndio wakaanza kutafuta chakula cha nyumba.

Babu yangu mzaa mama alichukua bahasha ile na kurudi Musumba. Alikuwa amefanya kazi miaka 28, na hakuwahi kununua hata kidonge cha homa. Alizoea kusema: “Walitushika kama batoto, kisha siku moja walituambia tuko bakubwa.” Nimelisikia neno hilo mara nyingi, nikaliandika hata katika kazi yangu ya mwisho ya masomo. Lakini sikuliona mpaka lilipotokea nyumbani kwetu. Kampuni ilishika vyote, kisha ikaachia vyote, bila kufundisha katikati. Wazazi wangu, kwa shauri langu mimi msomi, walimfanyia mudogo yangu jambo lile lile.

Musumba, baada ya hospitali

Munganga aliyemtibu hakugombeza mtu. Aliwakalisha watatu, akasema: “Sindano ni ya mutoto. Kaye ni yenu bote.” Wakafanya hivi, na wanaendelea hadi leo.

Mudogo yangu anajipiga mwenyewe. Mama haishiki sindano, lakini anakuwepo, anapika, anaangalia kwa pembeni. Haulizi “ulisha piga?” kwa sauti ya polisi. Anauliza “leo ngapi?” Jumapili jioni baba na mtoto wanafungua kaye pamoja, na mwalimu wa shule anafanya anachojua: anatafuta siku ambazo namba zinapanda na kuuliza kwa nini. Siku ya kulima? Siku ya damu ya mwezi? Siku ya mitihani? Na sheria moja juu ya zote: namba mbaya haina kipigo wala matusi. Namba ya uongo tu ndiyo ina kesi. Kwa sababu tuligundua kwamba zile 110 za 2021 zilizaliwa na vitu viwili: hakukuwa na mtu wa kuzisoma, na kama zingesomwa zikiwa mbaya, kungekuwa na kelele.

Vilevile amefundisha rafiki zake wawili wa darasani: wakimwona anatetemeka, anatoka jasho, anasema maneno yasiyoeleweka, sukari imeshuka, wampe kitu kitamu haraka, na akishindwa kumeza wasimlazimishe bali wakimbilie mkubwa. Rafiki mmoja anatembea na vipande vya sukari mfukoni kila siku. Wanafunzi wengine wanamwita “Sukari na Bukari”. Naye anaitika.

Tusidanganyane, mapenzi ya wazazi hayatengenezi insulini. Musumba kwetu hatuna kuran. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yalijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi, na nyaya zake hazikutufikia. Dawa yetu inakaa katika mtungi ndani ya mtungi, katikati mchanga uliolowa, pahali penye kivuli na upepo. Chupa iliyofunguliwa ina siku zake, karibu wiki nne, na joto linazipunguza. Mvua ikiharibu barabara, vipande vya kupimia ninavyonunua Kolwezi vinachelewa. Kuna mipango inayosaidia watoto kupata insulini bure, na Kongo yetu imo katika ule unaoitwa Changing Diabetes in Children, ulioanza 2009. Mwezi wa 8 wa 2022, mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Lomé, Togo, wakapitisha mpango wa kupeleka matibabu ya magonjwa kama haya hadi hospitali za wilaya. Ni mambo mazuri, na sisi tuliosoma tuna kazi ya kuuliza yamefika wapi. Lakini hata siku kuran itakapofika na firigo ikanguruma, bado mtu atahitajika jikoni saa kumi na mbili asubuhi.

Niliahidi mfalme mmoja. Kwetu wanasimulia kwamba baba yake Ruweej, akiwa ameudhiwa na wanawe wa kiume, alimwachia binti yake lukano, bangili ya utawala. Alikuwa bado msichana. Nilipokuwa mdogo nilipenda tu sehemu ya Chibinda Ilunga, mwindaji aliyekuja kumwoa. Siku hizi nasikiliza sehemu nyingine, ile wazee wanayoipita haraka: kwamba Ruweej hakuachwa na bangili peke yake. Waliwekwa wakubwa kumzunguka, wamshauri mpaka awe tayari.

Mudogo yangu sasa ana miaka 19. Anajiandaa kwa Ekzeta, na anasema atasoma uuguzi, ingawa mwezi uliopita alisema sheria. Wakati wa vakansi iliyopita baba aliniita chini ya ule mwembe. Nilifikiri ananiletea tena ile kesi. Alinipa kaye. Mtoto akienda kusoma Kolwezi atakaa kwangu, akasema, na Jumapili jioni nitakuwa mimi. Nilifungua. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na 243, na pembeni kwa mwandiko wa mtoto: “munkoyo kwa harusi, vikombe bibili.”

Bandugu, wengi wenu katika familia ndio mnaoitwa “wewe njo ulisoma”. Neno letu linasikilizwa kuliko tunavyofikiri. Kama nyumbani kwenu kuna kijana wa sukari, usiwaambie wazazi wamwache. Waulize wanakaa naye siku gani kusoma kaye. Na kama hakuna siku, omba nafasi ukae nao.